Shule na Duka katika Kumbukumbu za Utotoni: Sura ya Historia ya Kiswahili Mbarara na Nakivale, Uganda

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya shule na duka katika kumbukumbu za utotoni za watu waliokulia mjini Mbarara na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Hoja kuu ni kwamba katika eneo hili watu wengi walijifunza Kiswahili dukani kuliko shuleni, na kwamba kumbukumbu za maduka yaliyotoweka zimehifadhi sehemu ya historia ya lugha hii ambayo nyaraka za elimu hazikuiandika. Kwa kutumia ushahidi wa msamiati, maandishi ya wanahistoria na nyaraka za sera, makala yanaonesha jinsi kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, vita vya 1979 na kuondoka kwa Wanyarwanda mwaka 1994 kulivyofunga maduka na kutawanya wanafunzi, na jinsi kila wimbi jipya la wakimbizi lilivyofungua maduka mengine. Makala yanahitimisha kwamba uamuzi wa Uganda wa kuingiza Kiswahili darasani hautafaulu Nakivale iwapo hautatambua Kiswahili ambacho mtoto amekwisha kukipata nje ya darasa.

1.0 Utangulizi

Mtu mzima anapoulizwa kuhusu utoto wake, mara nyingi huanza na njia: njia ya kwenda shule, na duka lililokuwa kando ya njia hiyo. Shuleni hukumbuka kengele iliyotengenezwa kwa rimu ya gari, zamu ya kufagia na fimbo ya mwalimu. Dukani hukumbuka mizani, harufu ya mafuta ya taa na sabuni ya mche, peremende ndani ya chupa ya kioo, na fundi cherehani aliyeketi barazani. Kumbukumbu za aina hii husimuliwa kote Afrika Mashariki, na kwa kawaida huchukuliwa kuwa mazungumzo ya kujiliwaza yasiyo na uzito wa kitaaluma.

Katika eneo linalojadiliwa hapa kumbukumbu hizo zina uzito wa pekee, kwa sababu vitu vingi vinavyokumbukwa havikutoweka kwa kuchakaa. Viliondolewa kwa amri, kwa vita au kwa uhamaji wa watu wote waliovitumia. Mbarara ndio mji mkuu wa eneo la Ankole, na ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Nakivale iko katika wilaya ya Isingiro, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara hadi mwaka 2005. Makazi hayo yapo kando ya ziwa la jina hilohilo, si mbali na mpaka wa Tanzania, na yamegawanywa katika kanda tatu: Base Camp, Rubondo na Juru. Yanahifadhi zaidi ya watu 100,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Mji na makazi hayo yamefungamana: bidhaa nyingi za maduka ya Nakivale hupitia Mbarara, na Mbarara ndiko aendako mkimbizi anapotafuta hospitali kubwa au shule ya juu zaidi.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: mtoto wa eneo hili alikutana na Kiswahili kupitia mlango gani? Historia za lugha nchini Uganda zimejibu swali hilo kwa kutazama matamko ya watawala na mitaala ya shule. Makala haya yanatazama pia upande wa pili wa njia, yaani dukani.

2.0 Kumbukumbu za utotoni kama ushahidi

Hamu ya yaliyopita haikuanza kama dhana ya wanahistoria. Mwaka 1688, Johannes Hofer, mwanafunzi wa utabibu huko Basel, aliieleza kuwa ni ugonjwa unaowapata watu waliotengwa na kwao. Karne mbili na zaidi baadaye, Maurice Halbwachs (1925) alionesha kwamba mtu hakumbuki peke yake. Hukumbuka kwa msaada wa kundi alilomo, na kundi likitawanyika kumbukumbu nayo hupoteza mhimili wake. Svetlana Boym (2001) alitofautisha hamu inayotaka kurudisha yaliyopita kama yalivyodhaniwa kuwa na hamu inayoyatafakari kwa kukiri kwamba hayarudi.

Katika kanda ya Maziwa Makuu, utafiti wa Liisa Malkki (1995) miongoni mwa wakimbizi wa Burundi nchini Tanzania uliongeza jambo muhimu. Waliokaa pamoja kambini Mishamo walijenga simulizi moja ya pamoja kuhusu walikotoka, ilhali wale waliojichanganya mjini Kigoma hawakushikilia simulizi hiyo kwa namna ileile. Mahali mtu anapoishi huamua anavyokumbuka. Tofauti hiyo ni ya manufaa hapa, kwa kuwa Mbarara ni mji na Nakivale ni makazi ya wakimbizi, na kila mahali pamekumbuka shule na duka kwa namna yake.

Kumbukumbu hizi zina kasoro zake. Mkumbukaji husahau deni na kukumbuka ukarimu. Husahau njaa na kukumbuka mchezo. Kwa sababu hiyo makala haya hayazitegemei kama taarifa za matukio. Yanazitegemea zaidi kwa yale yanayobebwa na maneno yenyewe, kwani mtu anaweza kupamba kisa, lakini ni nadra kubuni jina ambalo kijiji kizima kililiita duka.

3.0 Duka la Mbarara na msamiati wake

Neno duka lilifika Kiswahili kutoka upande wa Bahari ya Hindi. Asili yake huhusishwa na Kiarabu na Kiajemi, na hutumika pia katika lugha za India. Kutoka Kiswahili liliingia bara pamoja na bidhaa. Katika Kinyankore limekuwa eduuka, na katika Kinyarwanda iduka. Pamoja nalo yaliingia maneno ya bidhaa: esaabuuni kwa sabuni, shukaari kwa sukari, ekitabo kwa kitabu, ekaraamu kwa kalamu. Chumvi, hata hivyo, haikukopewa jina. Kinyankore husema omwonyo, neno la asili ya Kibantu lenye nasaba moja na munyu wa Kiswahili, kwa sababu chumvi ya Katwe ilikuwa ikiuzwa katika eneo hili muda mrefu kabla ya duka la kwanza kufunguliwa. Msamiati huu ni aina ya daftari la biashara. Unaonesha kilichokuwepo, kilichokuja, na lugha iliyokileta.

Duka linalokumbukwa zaidi na kizazi kilichozaliwa kabla ya uhuru ni lile la mfanyabiashara mwenye asili ya India. Lilikuwa mbele, na nyumba ya familia ilikuwa nyuma yake. Mwenye duka aliongea Kigujarati na jamaa zake, Kiingereza na ofisa wa serikali, na Kiswahili chepesi kilichochanganywa na Kinyankore na wateja. Mtoto aliyetumwa kununua mafuta ya taa au robo ya sukari alijifunza kuhesabu, kutaja bei na kuomba kukopa kwa lugha hiyo. Wakati huohuo, shuleni, Kiswahili hakikuwa na nafasi. Mafundisho ya awali yalikuwa kwa lugha ya wenyeji na ya juu kwa Kiingereza, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kiswahili kiliondolewa katika orodha ya lugha zilizotambuliwa kufundishia shuleni, isipokuwa katika shule za polisi.

Kumbukumbu ya duka hilo ina upande usiopendeza, na mtafiti hana budi kuutaja. Waasia walizuiwa kumiliki ardhi vijijini kwa uhuru, wakaelekezwa kwenye miji na vituo vya biashara vilivyotangazwa na serikali. Waafrika nao walikabiliwa na ugumu wa kupata mtaji na leseni. Mpangilio huo ulifanya duka liwe alama ya tofauti ya rangi. Mgomo dhidi ya maduka ya Waasia huko Buganda mwaka 1959 na 1960, na sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1969, ni ushahidi kwamba chuki ilikuwepo kabla ya Idi Amin.

Mnamo Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Makumi ya maelfu waliondoka. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza, wengine Kanada, India na kwingineko. Maduka yaligawiwa watu wengine, wengi wao wakiwa askari na wenye uhusiano na utawala. Umma wa Uganda uliwapa wamiliki hao wapya jina la Kiswahili: mafuta mingi. Upatanisho wa kisarufi katika jina hilo ni wa Kiswahili cha Uganda, si wa Unguja, na hilo lenyewe linaonesha kwamba lilitungwa na watu waliokitumia Kiswahili kama chao, bila kusubiri ruhusa ya mwalimu. Bidhaa zilipoadimika, biashara ya mlango wa nyuma ikaitwa magendo. Neno hilo lilikita mizizi kiasi kwamba Reginald Green (1981) na Gérard Prunier (1983) walilitumia katika vichwa vya maandishi yao kuhusu uchumi wa Uganda. Sukari ya kiwandani ilipokosekana, watu walirudia sukari guru, na watoto wa miaka hiyo wanaikumbuka chai kwa ladha hiyo.

Pigo la mwisho lilikuja Februari 1979, majeshi ya Tanzania yalipoiteka Mbarara na Masaka katika vita vilivyoanza kwa uvamizi wa Kagera. Sehemu kubwa ya miji hiyo miwili ilibomolewa. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Mbarara katika miaka ya 1950 anapotaja duka la utotoni, huenda anataja jengo lililopoteza mwenyewe mwaka 1972, likapoteza bidhaa katika miaka iliyofuata, na likapoteza kuta mwaka 1979. Sheria ya mwaka 1982 iliwawezesha Waasia kudai mali zao, na wengine walirejea katika miaka ya 1990. Majengo yaliweza kudaiwa. Mazungumzo yaliyofanyika juu ya meza ya duka hayakuwa na sheria ya kuyarudisha.

Jambo moja la kihistoria linastahili kusisitizwa. Mnamo Agosti 1973, mwaka mmoja baada ya kuwafukuza wenye maduka, Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Uchunguzi wa Ladefoged, Glick na Criper, uliochapishwa mwaka 1972, ulikuwa umekwisha kuonesha kwamba takriban 35% ya Waganda waliweza kuzungumza Kiswahili, wanaume wakiwa wengi zaidi kuliko wanawake. Watu hao hawakukipata shuleni. Walikipata kazini, kambini mwa askari, sokoni na dukani. Tangazo la 1973 liliiunganisha lugha hiyo na bunduki katika fikra za umma, na sura ya askari ikafunika ile ya muuza duka.

4.0 Shule ya makazi: Nakivale tangu 1959

Nakivale ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na ikapokea Wanyarwanda, hasa Watutsi, waliokimbia machafuko yaliyoanza nchini mwao Novemba 1959. Makazi mengine kama Oruchinga na Nshungerezi yalifunguliwa kwa ajili ya watu haohao. Familia zilipewa ardhi ya kulima na kuchungia, na shule zilianza kwa hali duni: kivuli cha mti, kisha kuta za udongo, kisha bati.

Mwanafunzi anayejulikana zaidi kati ya watoto wa makazi hayo ni Paul Kagame, aliyekulia Nshungerezi, akasoma shule ya msingi ya Rwengoro, kisha akaingia Ntare School, shule ya sekondari ya wavulana iliyofunguliwa Mbarara mwaka 1956. Yoweri Museveni pia alisoma Ntare. Shule hiyo ina chama cha wahitimu wenye uwezo na sauti. Wahitimu wake waishio Rwanda ndio walioasisi wazo lililozaa shule ya Ntare Louisenlund huko Nyamata, wilaya ya Bugesera. Hii ni hamu ya utotoni iliyopata fedha, kiwanja na jina. Kumbukumbu ya shule ya Mbarara imejengwa upya kwa matofali ng'ambo ya mpaka.

Shule ndogo za makazi hazikupata bahati hiyo, ingawa ndizo zilizompokea mtoto wa mkimbizi kwanza. Sababu yake inafahamika: makazi yalichukuliwa kuwa ya muda. Shule ya muda haiwekewi mhifadhi wa nyaraka. Mwaka 1982, watu wa asili ya Rwanda walipofukuzwa katika vijiji vya kusini-magharibi mwa Uganda, makumi ya maelfu walisukumwa, baadhi kuvuka mpaka na baadhi kuingia Nakivale na Oruchinga. Shule zilijaa ghafla. Mwaka 1994, utawala ulipobadilika Kigali, wakimbizi wa zamani waliondoka kwa wingi pamoja na mifugo yao. Madarasa yalipungukiwa, wenyeji wakaanza kulima ardhi iliyoachwa wazi, na migogoro ya ardhi ikafuata pale wakimbizi wapya walipoletwa. Mwezi Julai 2010, Wanyarwanda wapatao 1,700 walirudishwa kwa nguvu kutoka Nakivale na Kyaka katika operesheni iliyolaaniwa kimataifa. Kwa mtoto aliyekuwa darasani, tukio la aina hiyo lina maana ya daftari lililobaki juu ya dawati na rejista isiyokamilika.

Hapa ndipo kumbukumbu inapogeuka kuwa haki. Mtu mzima aliyesoma katika shule ya makazi miaka ya 1970 anaweza kutaja waliokaa naye benchi moja, lakini huenda asiwe na karatasi inayothibitisha kwamba alifika darasa la tano. Kwa mhitimu wa Ntare, hamu ya shule ni fahari. Kwa mhitimu wa shule ya makazi, kumbukumbu hiyohiyo huenda ikawa ndiyo cheti pekee alichonacho.

5.0 Duka la Nakivale na lugha za wateja

Wimbi lililofuata 1994 liliibadili Nakivale. Vita vya Kongo vilivyoanza mwaka 1996, pamoja na mapigano ya Kivu yaliyojirudia, hasa mwaka 2008 na 2012, vilileta Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili. Wasomali waliongezeka katika miaka ya 2000. Msukosuko wa kisiasa wa mwaka 2015 uliwaleta Warundi. Vijiji vya makazi vikapata majina yanayotaja walikotoka wakaaji wake, na mitaa ya biashara katika Base Camp ikawa na migahawa, vinyozi, vibanda vya kuchaji simu, mafundi cherehani na maduka ya vitenge.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 iliwapa wakimbizi haki ya kufanya kazi na kusafiri, jambo lililofanya biashara hizo ziwezekane. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wakiongozwa na Alexander Betts walioneshwa na maduka ya Nakivale kwamba uchumi wa makazi hauishii uzioni: samaki wa kopo anayeuzwa na Msomali aliweza kuwa ametoka Thailand kupitia Mombasa na Kampala. Utafiti huo ulijali bidhaa na mtaji. Lugha iliyozipitisha bidhaa hizo kutoka mkono hadi mkono haikuwa shabaha yake.

Hata hivyo lugha ndiyo iliyoliwezesha duka. Msomali huliita duka dukaan. Mnyankore huliita eduuka, na Mnyarwanda iduka. Mkongo wa Kivu aliyezoea kusema butiki, kutokana na Kifaransa, hulielewa neno duka bila mkalimani. Ni maneno machache yanayoweza kutamkwa Nakivale na kueleweka na takriban kila aingiaye mlangoni. Kiswahili kinachozungumzwa humo si cha namna moja. Mkongo husema batoto pale Mtanzania asemapo watoto, na husema mtoto ameenda ku masomo akimaanisha shuleni. Msomali aliyepitia Nairobi au kambi za Kenya huja na Kiswahili cha huko. Mnyankore huja na kile cha Uganda. Katika kupatana bei ya unga au mafuta ya kupikia, namna hizi husahihishana zenyewe, na watoto waliotumwa dukani ndio wepesi zaidi kuzijua zote.

Maduka haya pia hutoweka. Mwenye duka hupata nafasi ya kuhamishiwa Marekani, Kanada au Australia, akauza bidhaa zake kwa wiki moja na kufunga. Mgawo wa chakula au fedha unapopunguzwa, wateja hukosa cha kununulia na madeni ya daftarini hayalipwi. Kijana aliyekulia Nakivale katika miaka ya 2000, akiishi leo ng'ambo ya bahari, ana duka lake lililotoweka sawa na mzee wa Mbarara aliyeshuhudia mwaka 1972. Tofauti iliyopo ni kwamba la mzee limeandikwa katika vitabu vya historia, na la kijana bado halijaandikwa.

6.0 Kiswahili chaingia darasani

Historia ya Kiswahili katika shule za Uganda ni historia ya mlango uliofunguliwa na kufungwa. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa na viongozi wa makanisa walipinga, na baadhi ya wapinzani walihofia kwamba lugha hiyo ingefungua njia ya kuunganishwa na Kenya ya walowezi. Uganda iliingia katika Kamati ya Lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, lakini ndani ya nchi Kiswahili kikaendelea kupoteza nafasi shuleni. Tangazo la 1973 halikufuatwa na walimu wala vitabu vya kutosha.

Mlango umefunguliwa tena katika karne hii. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika miaka miwili ya kwanza. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwezi huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikamilisha taratibu za kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Rwanda ilikuwa imekipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017.

Kwa Nakivale, sera hizi zinakutana na hali ambayo watunga mitaala hawakuikusudia. Mtaala wa Uganda unataka madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo, lakini darasa lenye watoto wa lugha tano au sita humlazimisha mwalimu kutumia Kiingereza. Mtoto wa Kongo aliyefika darasa la nne au la tano nyumbani, akisoma kwa Kifaransa, mara nyingi huteremshwa madarasa kadhaa kwa sababu hajui Kiingereza, ingawa hesabu anazijua. Anaketi na watoto wadogo kwake, na wengine hukata tamaa na kuacha. Katika hali hiyo ana lugha moja ambayo sera ya taifa inasema inaithamini, nayo ni Kiswahili, lakini hakuna anayempima kwa lugha hiyo.

Ipo hatari nyingine iliyojificha. Iwapo Kiswahili kitaingia darasani kama somo la sarufi sanifu pekee, mtoto anayesema batoto anaweza kuandikiwa kosa katika lugha ambayo ameizungumza tangu azaliwe, wakati mwenzake aliyekariri ngeli bila kuweza kununua kibiriti kwa Kiswahili akapata alama nzuri. Ufundishaji wa Kiswahili sanifu ni wa lazima na una faida. Ndio unaomwezesha mtoto kusoma gazeti la Dar es Salaam na kuandika barua Nairobi. Hoja ni kwamba mwalimu anapaswa kuanza na kile mtoto alichonacho na kumwonesha njia ya kufika kwenye kile asichonacho.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yamejaribu kuonesha kwamba duka lilikuwa shule ya Kiswahili kusini-magharibi mwa Uganda kwa muda mrefu ambapo shule yenyewe ilikikataa. Ushahidi wake umo katika maneno: eduuka na esaabuuni ya enzi ya ukoloni, mafuta mingi na magendo ya miaka ya 1970, na Kiswahili cha namna nyingi cha Base Camp leo. Kumbukumbu za hamu zimehifadhi maneno hayo pamoja na mahali yalipotumika. Zisipokusanywa zitaondoka na wakumbukaji wenyewe, ambao wengi wao hawaishi tena Uganda.

Mapendekezo manne yanatokana na uchambuzi huu.

Kwanza, rejista za shule za msingi katika makazi ya wakimbizi zihifadhiwe na kupigwa picha za kidijiti kabla hazijaharibika. Kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, Fort Portal, ya kuokoa nyaraka za wilaya ya Kabarole inaonesha kwamba jambo hili linawezekana kwa taasisi za ndani ya nchi. Rejista hizo zitamfaa mwanahistoria, lakini zitamfaa zaidi mtu anayehitaji kuthibitisha kwamba alisoma.

Pili, mtoto anayewasili Nakivale apimwe maarifa yake kwa Kiswahili pale ambapo hicho ndicho anachokijua, kabla ya kupangiwa darasa. Azimio la Djibouti la Desemba 2017 kuhusu elimu ya wakimbizi lilitolewa na nchi za IGAD, na Kongo na Burundi si wanachama wa chombo hicho. Zote mbili, hata hivyo, ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kiswahili ni lugha yake ya mawasiliano mapana. Kwa hiyo Jumuiya ndicho chombo kinachofaa kujaza pengo la kutambua madarasa aliyosoma mtoto kabla ya kuvuka mpaka.

Tatu, wakimbizi waliokuwa walimu Kongo, Burundi na kwingineko watumike kufundisha Kiswahili, baada ya mafunzo mafupi ya mtaala wa Uganda. Nchi inayolalamikia uhaba wa walimu wa Kiswahili inao wazungumzaji wake ndani ya mipaka yake.

Nne, vyama vya Kiswahili na idara za lugha za vyuo vikuu vya kanda zikusanye masimulizi ya shule na maduka ya Mbarara na Nakivale kwa lugha ambazo wasimulizi wanazitumia, bila kuyasanifisha wakati wa kuyaandika. Mzee wa Leicester aliyeacha duka mwaka 1972, mama wa Kigali aliyeacha shule mwaka 1994 na kijana aliyehamishiwa ng'ambo kutoka Base Camp wanaweza kusimulia njia moja ileile ya vumbi katika vipindi vitatu tofauti. Masimulizi yao yakiwekwa pamoja, watafiti watapata historia ya Kiswahili cha Uganda iliyoanzia kwa wazungumzaji wake, na washauri wa sera watapata msingi wa mtaala unaomtambua mtoto anayeingia darasani.